Deki ya DVD na kanda inapokusumbua: mwongozo kamili wa kuipima, kuitibu na kuokoa kanda zako

Kwenye kanda ya harusi ya dada yangu, iliyopigwa Tanga mwaka 1998, kuna dakika nne ambazo marehemu baba anatoa nasaha. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Siku tuliyoiweka kwenye deki niliyoinunua wiki hiyohiyo, ile yenye mlango wa kanda upande mmoja na trei ya diski upande wa pili, ilicheza kama dakika kumi, ikatoa mlio wa kusaga, ikazima. Kanda ikabaki ndani. Mama hakusema neno. Alinyanyuka akaenda jikoni. Kesho yake nilirudi dukani na risiti mkononi, nikajibiwa kwamba kanda yangu ndiyo mbovu, deki ni nzima.

Kanda ile tuliiokoa. Tangu siku hiyo nimeshika deki nyingi za aina hii, za ndugu na za majirani, na malalamiko ni yaleyale: inakula kanda, inakataa diski, picha ina chenga, DVD inaonekana ila kanda haionekani, inajizima, fundi kala hela na haijapona. Mengi yana dawa, na sehemu yake utaifanya mwenyewe nyumbani. Mengine hayana, na ni vizuri kuyajua mapema kabla hujamaliza pesa.

Ombi langu moja kabla hatujaanza: usijaribie deki kwa kanda unayoipenda. Tafuta kanda ya filamu ya zamani isiyo na thamani kwako, iweke pembeni iwe kanda ya majaribio. Deki nyingine utaipata. Harusi ya dada yako haitapigwa tena.

Mashine mbili kwenye sanduku moja

Upande wa kanda ni mashine ya mota, magurudumu na mipira. Utepe unavutwa kutoka kwenye kanda na kuzungushiwa dramu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, ambayo kwa PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni, huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwenye dramu hiyo kuna hedi, vipande vidogo mno vinavyosoma picha. Mstari mmoja wa picha kwenye utepe una upana wa takriban mikroni 49, mwembamba kuliko unywele. Ndiyo maana vumbi kidogo tu linatosha kuharibu picha nzima.

Upande wa diski hauna msuguano wowote na diski yenyewe. Pale kuna leza, lenzi ndogo na mota ya kuzungusha. Pande hizi mbili zinachangia pawasaplai, rimoti na baadhi ya matundu ya nyuma, na kuchangia huko ndiko kunakozaa nusu ya usumbufu.

VHS, yaani aina ya kanda hizi, ilitolewa na JVC nchini Japani mwaka 1976, na DVD ikaanza kuuzwa hukohuko Novemba 1996. Viwanda vikaziunganisha ili mtu mwenye kabati la kanda asilazimike kuweka vifaa viwili chini ya televisheni. Tanzania Bara, ambako hakukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa nyumba nyingi deki ya video ndiyo ilikuwa burudani yenyewe, na kabati hizo za kanda bado zipo. Lakini Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kuendelea kutengeneza deki za kanda, iliacha Julai 2016. Maana yake ni kwamba deki yoyote utakayouziwa leo, hata ikiwa kwenye boksi lake, mipira yake ya ndani imeshazeeka. Muuzaji akikwambia ni mpya kabisa, kumbuka mwaka huo.

Hatua ya 1: Jua ni upande gani unaoumwa

Chomoa kila kitu, kisha chomeka deki na televisheni tu. Weka diski unayojua inacheza kwingine. Halafu weka kanda ya majaribio. Andika kwenye karatasi kilichotokea, hata kama unaona ni upuuzi. Karatasi hiyo utaihitaji kwa fundi au dukani.

Ikiwa pande zote mbili zimekufa na hakuna hata taa, tatizo ni umeme au pawasaplai. Ikiwa taa inawaka lakini unasikia tik-tik-tik na deki haiwaki vizuri, mara nyingi ni kapasita za pawasaplai zilizokauka, kazi ndogo na ya bei nafuu kwa fundi wa kweli. Ikiwa diski inacheza na kanda haichezi, au kinyume chake, pawasaplai haina kosa kubwa na usikubali kuuziwa nyingine. Ikiwa pande zote zinazunguka vizuri lakini huoni picha, nenda moja kwa moja kwenye hatua inayofuata, kwa sababu huenda deki yako haijaharibika hata kidogo.

Angalia pia kitufe cha kuchagua kati ya DVD na VCR (upande wa kanda), kilichopo kwenye deki na kwenye rimoti. Rimoti ikiwa upande wa DVD, kitufe cha kucheza hakitaigusa kanda. Nimeshaitwa Magomeni kwa ajili ya deki "iliyokufa" ambayo dawa yake ilikuwa kitufe hicho.

Hatua ya 2: Waya wa nyuma, chanzo cha lawama nyingi zisizo na haki

Nyuma ya deki utaona matundu ya aina tatu au nne. Yale ya njano, nyeupe na nyekundu ndiyo ya kawaida: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kwenye karibu deki zote za aina hii, haya hutoa picha ya kanda na ya diski pia. Matatu ya picha yenye rangi ya kijani, buluu na nyekundu, kwenye deki nyingi hutoa picha ya DVD peke yake. Tundu la HDMI nalo, kwenye deki nyingi, lipo kwa ajili ya DVD. Na tundu la waya wa antena, kwenye baadhi ya deki, hutoa picha ya kanda tu.

Hebu fikiria mteja aliyenunua televisheni mpya ya bapa, akachomeka HDMI kwa sababu ndiyo waya bora. DVD inang'aa, kanda haionekani. Anapiga deki makofi, anarudi dukani, anagombana. Deki haina kosa, na muuzaji angemwambia siku ya kwanza. Kwa kanda tumia waya wa njano, kisha chagua AV kwenye televisheni. Kama televisheni yako haina tundu la njano, tazama tundu la kijani upande wa nyuma: kwenye televisheni nyingi za siku hizi linapokea njano vilevile, na huwa limeandikwa hivyo pembeni. Wengine hutumia waya mfupi wenye pini ndogo kama ya hedfoni, uliokuja na televisheni.

Kanda ikionekana nyeusi na nyeupe, au picha ikipanda na kushuka bila kutulia, uliza ilitoka wapi. Kanda iliyorekodiwa Marekani ni NTSC, mistari 525. Yetu ni PAL, mistari 625. Ndugu wa Oman na Ghuba watakutumia PAL, hawa hawana tatizo. Deki nyingi za PAL zina sehemu ya kuruhusu NTSC kwenye menyu yake. Kwa diski kuna namba ya eneo: Marekani ni 1, Ulaya na Ghuba ni 2, sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Diski halisi ya filamu kutoka kwa shangazi aliyeko Uingereza inaweza kukataliwa na deki nzima kabisa.

Hatua ya 3: Umeme

Geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 110–240V, haina shida. Kikisema 120V peke yake, deki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na ukiichomeka kwenye 230V yetu itaungua siku hiyohiyo. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha. Ya wati 100 inatosha, kwa maana deki hizi hazili umeme mwingi.

Umeme ukikatika kanda ikiwa ndani, usifanye chochote. Usiingize kidole wala kisu. Umeme ukirudi, washa, subiri nusu dakika, kisha bonyeza kitufe cha kutoa. Mara nyingi deki itajipanga yenyewe na kuirudisha kanda mlangoni. Wanaoharibu kanda ni wale waliokosa subira gizani. Stebilaiza ndogo au kile kifaa cha kulinda friji kinaifaa deki pia.

Hatua ya 4: Kagua kanda kabla hujaiweka

Hapa nataka usimame kidogo, hasa kama unaishi Dar, Mombasa, Unguja, Lamu au popote penye joto la bahari.

Ishike kanda, utazame kupitia vile vidirisha viwili vya juu. Utepe wenye afya ni mweusi au wa kahawia iliyoiva, laini kama kioo. Ukiona unga mweupe, madoa ya kijivu au nyuzi kama za buibui kwenye kingo za utepe, hiyo ni ukungu. Usiicheze. Ukungu utaingia kwenye dramu, utaziba hedi, na kila kanda utakayoweka baadaye itaambukizwa. Ifunge kwenye mfuko wake wa plastiki, itenge na nyingine, umpelekee mtu anayesafisha kanda kwa kuzifungua.

Ikiwa haina ukungu, fanya hivi: pembeni mwa kanda, karibu na kifuniko cha mbele, kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, nyanyua kifuniko, tazama utepe. Je, umekunjamana? Umepinda ukingo? Tikisa kanda taratibu karibu na sikio. Kipande kinachogongagonga ndani ni plastiki au skrubu iliyovunjika. Skrubu za chini ni tano; hakikisha zote zipo na zimekaza.

Kama kanda haijachezwa miaka mingi, ipeleke mbele hadi mwisho na irudishe mwanzo bila kuitazama. Inalegeza tabaka zilizoshikana. Ifanye kwenye deki uliyokwisha kuijaribu.

Na kama unataka isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya, vunja kile kijipande cha plastiki kwenye mgongo wa kanda. Majumbani kuna harusi ngapi zilizofutwa na mpira wa Jumamosi?

Hatua ya 5: Picha ina chenga, mistari au haina kabisa

Mistari inayotembea chini au juu ya picha ni suala la kulenga (tracking). Wakati kanda inacheza, bonyeza vitufe vya kupandisha na kushusha chaneli kwenye deki yenyewe, taratibu, hadi mistari iondoke. Kanda iliyorekodiwa kwenye deki nyingine mara nyingi inahitaji hivyo, wala si ubovu.

Sauti nzuri lakini picha chenga tupu: hedi chafu. Kuna kanda za kusafishia. Zile kavu zinakwangua, mimi siziamini; ile ya majimaji itumie mara moja, na ikishindwa usirudie mara kumi. Usafi wa uhakika ni wa mkono, na unahitaji kufungua deki.

Chomoa waya ukutani na uache saa kadhaa. Kwenye pawasaplai kuna kapasita kubwa inayoshika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo upande huo usiguse kamwe, na watoto wasiwepo. Fungua skrubu za kifuniko. Utaiona dramu, silinda ya chuma inayong'aa, imeinama kidogo.

Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ikate ukanda wa upana wa vidole viwili, ilowanishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo maduka ya vifaa vya elektroniki huuza. Spiriti ya dukani yenye mafuta au rangi haifai. Bandika karatasi kwenye ubavu wa dramu kwa kidole kimoja, ukiituliza bila kukandamiza, na kwa mkono wa pili zungusha dramu kutoka juu, polepole, mizunguko kumi hivi. Karatasi itatoka na mistari myeusi. Badilisha, rudia hadi itoke safi. Karatasi isipande wala kushuka hata kidogo, maana hedi zitavunjika, na hedi ikivunjika safari ya deki hiyo imeisha. Pamba za masikio pia uziache kabisa hapo. Nyuzi zake hunasa.

Gurudumu la mpira mweusi linalokandamiza utepe lisafishe kwa kitambaa chenye maji kidogo, si alkoholi, kwa sababu alkoholi hukausha mpira ukapasuka. Nguzo za chuma zinazoongoza utepe zifute kwa alkoholi. Acha nusu saa ikauke.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: ukiijaribu deki ikiwa wazi chini ya taa kali au jua, inaweza kukataa kanda au kuisimamisha papo hapo. Deki hutambua mwisho wa kanda kwa mwanga unaopita kwenye kipande kisicho na rangi cha utepe, na taa yako inaidanganya. Funika kwa kadibodi kabla hujaanza kulia.

Ukifungua utakuta na wageni. Mende wanapenda joto la pawasaplai, na watoto wanapenda kuingiza sarafu, vifuniko vya kalamu na biskuti kwenye mlango wa kanda. Vitoe kwa kibano, si kwa kupuliza na mdomo.

Hatua ya 6: Deki imekula kanda

Tulia. Usibonyeze kitufe cha kutoa mara ishirini. Kila jaribio linavuta utepe zaidi. Zima, chomoa, subiri, fungua kifuniko kama tulivyosema.

Utaona utepe umetoka kwenye kanda na umezingira dramu, au umejikunja kwenye gurudumu la mpira kama uzi kwenye cherehani. Tafuta mota ndogo ya kupakia, mara nyingi ina gurudumu la plastiki au mkanda mwembamba wa mpira pembeni. Izungushe kwa kidole upande mmoja: nguzo zinazoshika utepe zitaanza kurudi kwenye kanda. Zikisogea kinyume, geuza mwelekeo. Zikifika mwisho, utepe utakuwa umelegea ukining'inia. Uzungushe kwenye kitovu cha kanda kwa kidole safi ili urudi ndani, kisha endelea kuzungusha mota hadi kanda inyanyuke itoke.

Vaa glavu nyembamba au shika kwenye kingo tu. Mafuta ya vidole hubaki kwenye picha.

Kanda ikiwa nje na utepe bado unaning'inia, nyanyua kifuniko chake, geuza kanda chini juu. Katikati kuna tundu dogo. Ingiza ncha ya kalamu, breki za ndani zitaachia, na unaweza kuzungusha kitovu kwa mkono hadi utepe uingie. Utepe uliokunjamana usiukate. Sehemu hiyo itaonyesha chenga sekunde chache, basi, na kilichobaki kitaonekana. Uliokatika kabisa ndio unaounganishwa, kwa gundi ya utepe maalumu wa kuunganishia, upande wa nyuma usiogusa dramu. Selotepu ya kawaida hapana: gundi yake huyeyuka kwenye joto letu, ikahamia kwenye hedi.

Kwa nini ilikula? Mara nyingi kitovu cha kupokea utepe hakizunguki, ama kwa mpira uliolegea ama gurudumu dogo la kati lililochakaa. Dalili yake ni hii: kanda inacheza sekunde chache, inasimama, inajitoa. Deki inahisi kitovu kimekwama na inajilinda. Deki inayofanya hivyo isikilize, usiilazimishe. Kubadilisha mipira ni kazi ya fundi, na mipira bado inapatikana kwa vipimo hata kama si ya kampuni yako.

Kuliwa kanda hivyo ndiko kulikotupata sisi. Tulikaa mimi na kaka yangu sebuleni, taa ya chemli pembeni kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, tukazungusha mota ile kwa kidole karibu saa nzima. Mama alirudi kutoka jikoni akashika taa.

Hatua ya 7: Diski inakataa

Kwanza diski. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Diski za kurekodia za bei rahisi, hasa zilizokaa kwenye gari, huchujuka zenyewe. Ijaribu kwenye deki nyingine kabla hujalaumu yako. Diski uliyorekodi mwenyewe na "kuisahau kuifunga" (finalize) mwishoni inacheza kwenye deki iliyoirekodi tu.

Kisha leza. Tumia kipulizio cha mpira, kile cha wapiga picha, kupuliza lenzi. Ikishindikana, pamba yenye tone la alkoholi, iguse kama unavyogusa jicho la mtoto. Ikiwa CD zinacheza na DVD hazichezi, au kinyume chake, leza mojawapo imechoka. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya 650, na kwenye kisoma kimoja zinaishi jirani lakini kila moja inakufa kwa wakati wake. Kubadilisha kisoma kunagharimu karibu na bei ya deki ya DVD pekee. Kama upande wa kanda ni mzima, nakushauri uache hivyo, ununue deki ndogo ya DVD, na hii uitumie kwa kanda tu.

Kuna mteja mmoja mwenye haki ya kukasirika: yule aliyenunua deki akidhani itahamisha kanda zake kwenda kwenye diski. Nyingi hucheza tu. Tazama upande wa DVD: pasipo na kitufe au alama ya kurekodi, hairekodi. Na filamu za dukani zenye kinga ya kunakili zitakataliwa hata na zile zinazorekodi.

Hatua ya 8: Kwa fundi

Mpe ile karatasi yako. Usiseme "imeharibika", sema "diski inacheza, kanda inacheza sekunde tano na kujitoa". Uliza atabadilisha nini, na umwambie utahitaji kuona kifaa kilichotolewa. Andika namba ya deki kabla hujaondoka. Toa kanda na diski zote. Fundi mzuri hakasiriki kwa hayo, na akikwambia deki haifai kutengenezwa, mshukuru umlipe muda wake.

Hatua ya 9: Dukani, unapodai haki yako

Wakati wa kununua, jaribu pande zote mbili hapohapo, kwa kanda yako ya majaribio na diski yako, dakika kumi kila upande, ikiwemo kupeleka mbele, kurudisha na kutoa. Dai risiti: Tanzania ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Andikisha kwenye risiti "pande zote zinafanya kazi" na siku za dhamana, muuzaji aweke sahihi. Neno la mdomo sikulipata tena siku niliyolihitaji.

Ikileta shida, rudi mapema, usimruhusu mtu mwingine aifungue kwanza. Peleka video ya simu inayoonyesha tatizo. Dai kimojawapo kwa uwazi: ibadilishwe, itengenezwe kwa tarehe fulani, au urudishiwe pesa.

Ukikataliwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ipo Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, na mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kwa deki iliyotumika usitegemee dhamana ya kiwandani, ila muuzaji akikwambia inafanya kazi na haifanyi, hilo ni dai halali. Barua fupi yenye tarehe, namba ya risiti na nakala ya ile karatasi husikilizwa kuliko kelele.

Hatua ya 10: Hamisha kanda sasa, deki ingali hai

Deki ikishapona, usiirudishe kwenye kazi ya kutazama filamu. Ipe kazi moja: kuhamisha.

Unahitaji kidude cha USB cha kunasa picha chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, kompyuta, na programu ya bure kama OBS Studio. Chomeka waya kutoka matundu ya kutolea ya deki. Chagua PAL, ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, saa moja inakula takriban gigabaiti 2.7, kwa hiyo kanda ya E-180, yenye saa tatu, itataka kama gigabaiti 8. Kanda inahamishwa kwa muda wake kamili, saa tatu ni saa tatu, kwa hiyo panga kanda moja kwa jioni. Anza na zile zisizo na nakala popote: harusi, maziko, ubatizo, khitma, watoto. Filamu ziache mwisho. Safisha hedi kila baada ya kanda tano au sita.

Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja kikae nyumba nyingine. Flashi peke yake haitoshi. Kanda zenyewe usizitupe: zirudishe mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na spika, ukuta wenye unyevu na dirisha, na pakiti za kunyonya unyevu zile zinazokuja na viatu.

Na wakati kanda inapita, mkalishe mkubwa wa nyumba pembeni yako na daftari. Sisi tulimkalisha mama. Aliijua kila sura iliyopita: huyu ni shemeji wa Pangani, yule mwenye kanzu ya maziwa ndiye aliyepika, huyu mtoto ni yule daktari wa Muheza. Niliandika dakika na jina, dakika na jina, kurasa sita. Baba alipoanza kuzungumza, aliniambia niache kuandika nisikilize, nitaandika baadaye.